Mwanariadha wa klabu ya mtaani anafikaje Michezo ya Afrika? Naomba mwongozo

Katibu_Temeke

Wakuu, habari za jioni. Mimi ni katibu wa klabu ya riadha hapa Temeke, na usajili wetu uko sawa. Tuna vijana wawili wanaopanda vizuri: mmoja ni wa mita 400, amepewa 47.1 kwa saa za mkono. Mwingine ni binti wa miaka 18, anarusha mkuki. Wazazi na wafadhili wadogo wanauliza lini tutawaona Michezo ya Afrika, nami sina jibu lililonyooka. Nani hasa huteua? Barua niipeleke BMT (Baraza la Michezo la Taifa), Kamati ya Olimpiki au shirikisho? Na kwa nini tarehe za michezo hii hazitulii? Kila nikipanga programu ya mazoezi naona nalenga kitu kinachohama. Naomba maelezo ya hatua kwa hatua, hata yakiwa marefu.

Kijiti_cha_Nne

Mkuu, klabu haiandiki barua kwa waandaaji, na mwanariadha hajisajili mwenyewe. Njia ni moja: klabu, chama cha mkoa, shirikisho la mchezo, kisha Kamati ya Olimpiki Tanzania (TOC). Shirikisho la Riadha ndilo huteua majina kwa matokeo. TOC ndiyo hupeleka majina hayo kwa waandaaji. BMT hutoa kibali cha timu ya taifa kutoka nje ya nchi. Ukipeleka barua BMT ukiomba kijana ateuliwe, utarudishwa kwa shirikisho na umeshapoteza muda.

Kazi yako iko chini kabisa: matokeo yake yaonekane kwenye karatasi rasmi za mashindano ya mkoa na ya taifa. Mwalimu akisema "kijana anakimbia vizuri" shirikisho halina la kufanyia kazi. Linahitaji tarehe, uwanja, muda, na jina la mwamuzi mkuu.

Lingine linalowaangusha wengi: majina hupelekwa kwa awamu. Kwanza nchi hutaja michezo itakayoshiriki, halafu idadi ya watu, mwisho majina. Idadi ikishafungwa, hata kijana akivunja rekodi wiki inayofuata, nafasi haipo, labda aliyetajwa aondolewe. Kwa hiyo matokeo mazuri yapatikane mapema ndani ya msimu.

Msoma_Magazeti

Nijibu la tarehe, maana ukiijua historia utapanga vizuri zaidi.

Michezo hii imekuwa ikihama tangu kabla haijazaliwa. Coubertin mwenyewe, mwanzilishi wa Olimpiki za kisasa, aliunga mkono wazo la michezo ya bara la Afrika. Ilipangwa Algiers 1925 na Alexandria 1929, yote ikafa, wakoloni hawakuitaka. Baadaye ikaja Michezo ya Urafiki, ya nchi zinazozungumza Kifaransa zaidi: Antananarivo 1960, Abidjan 1961, Dakar 1963. Hapo ndipo mawaziri wa vijana na michezo wa nchi huru walipokubaliana iwe ya bara zima, na ya kwanza ikafanyika Brazzaville, Julai 1965.

Angalia kilichofuata. Ya pili ilipangwa Bamako 1969, jeshi likapindua serikali ya Mali Novemba 1968. Ikapelekwa Lagos 1971, lakini Nigeria ilikuwa imetoka vitani, ikasogea hadi Januari 1973. Algiers ni 1978. Nairobi ikaja 1987, miaka tisa baadaye! Kuanzia Cairo 1991 ndipo mzunguko wa miaka minne ukakaa: Harare 1995, ambako Afrika Kusini iliingia kwa mara ya kwanza baada ya ubaguzi wa rangi, Johannesburg 1999, Abuja 2003, Algiers 2007. Lakini hata mwaka ukitulia, mji hautulii. Ya 2011 ilikuwa ya Lusaka, Zambia ikaiacha kwa kukosa fedha, Maputo ikaibeba. Brazzaville ikarudi 2015. Ya 2019 ilikuwa ya Malabo, ikaishia Rabat. Ya Accra ilikuwa ya 2023, ikachezwa Machi 2024.

Filbert Bayi wetu alimshinda Kip Keino wa Kenya mita 1500 Lagos 1973, na akatwaa tena dhahabu hiyo Algiers 1978. Miaka mitano katikati. Mwanariadha wa mbio fupi hana uhakika wa kukaa kileleni miaka mitano, ndiyo maana nasema usijenge maisha ya kijana juu ya tarehe moja.

Kijiti_cha_Nne

Ongezea na sababu ya sasa, Msoma. Michezo hii ina wenye nyumba watatu. Zamani ilikuwa chini ya Baraza Kuu la Michezo Afrika, lenye makao Yaoundé. Baraza lilipovunjwa 2013 mamlaka yakaenda Umoja wa Afrika.

Mdau_wa_Upanga

Samahani, si huwa inaandaliwa na ANOCA?

Kijiti_cha_Nne

Ndiyo na siyo, mkuu. Umoja wa Afrika ndio mmiliki. ANOCA, yaani jumuiya ya kamati za Olimpiki za bara, husimamia maandalizi. Umoja wa mashirikisho ya michezo ya Afrika hushika upande wa ufundi: waamuzi, kanuni, vipimo vya viwanja. Zaidi ya hao watatu kuna nchi mwenyeji yenye kamati yake ya maandalizi. Haki za matangazo na fedha zikikosa makubaliano, kila kitu husimama, na kabla ya Accra mvutano huo ulikuwa wazi kabisa.

Kwa programu yako, Katibu: jenga msingi wa mwaka mzima bila kutaja mji, kisha weka kilele kwenye mashindano ya taifa. Ukipata tarehe iliyothibitishwa, hesabu wiki 8 hadi 10 kurudi nyuma ndipo uanze kazi ya kasi. Angalia 2024: Michezo ya Afrika Machi, Ubingwa wa Riadha wa Afrika Douala mwezi Juni, Olimpiki Paris kuanzia mwisho wa Julai. Aliyetaka kuwa kileleni mara zote tatu alichoka. Chagua moja, nyingine zitumike kama mazoezi makali.

Waamuzi_Watatu

Mimi nashika hiyo 47.1. Katibu, sikiliza vizuri hapa, ndipo vijana wengi wa Dar wanapopotelea.

Saa za mkono husomwa kwa kupandisha kwenda sehemu ya kumi inayofuata. Saa ikionyesha 47.01, unaandika 47.1, si 47.0. Mshindi apimwe na waamuzi watatu: wawili wakikubaliana, muda wao ndio rasmi, wote wakitofautiana, unachukua wa katikati. Saa zikiwa mbili tu, unachukua ile ya polepole zaidi. Na mwamuzi anabonyeza akiona moshi au mwako wa bastola, hasubiri mlio. Akisubiri mlio, anampa kijana muda wa bure.

Ukitaka kukadiria muda wa saa ya umeme, ongeza 0.14 kwa mita 400, na 0.24 kwa mita 100 na 200. Kijana wako anakuwa kwenye 47.24. Hayo ni makadirio yako ya mazoezi. Usiyaandike kwenye fomu. Kwenye mbio fupi viwango vya kimataifa havipokei saa za mkono, kwa hiyo tafuta mashindano yenye kamera ya mwisho wa mbio, hata ikibidi kuvuka mpaka kwenda Nairobi.

Kuhusu binti: alirusha mkuki wa uzito gani? Wasichana chini ya miaka 18 wanatumia gramu 500. Chini ya 20 na wakubwa ni gramu 600. Matokeo ya gramu 500 hayahesabiwi huko juu.

Katibu_Temeke

Ahsanteni sana wakuu. Mkuki ni wa 500, ule wa mashindano ya shule. Nimeelewa, tunaanza upya na wa 600. Kuna kingine cha kuangalia mapema?

Duka_la_Dawa

Dawa, ndugu Katibu. Vipimo vipo, na kutojua si utetezi. Orodha ya dawa zilizokatazwa ya WADA, shirika la dunia la kupambana na dawa michezoni, huanza kutumika kila tarehe 1 Januari, isomwe upya kila mwaka. Tramadol, ambayo hapa watu huimeza kwa maumivu ya misuli, imekatazwa wakati wa mashindano tangu 1 Januari 2024. Dawa nyingi za mafua zina pseudoephedrine. Iachwe angalau saa 24 kabla ya kushindana. Vidonge vya prednisolone viachwe siku 3. Sindano ya triamcinolone kwenye msuli inaweza kuonekana hadi siku 60, kwa hiyo daktari akitaka kumchoma kijana, muulize jina la dawa kabla hajavuta bomba. Dawa ya mseto ya malaria haimo kwenye orodha, asiiogope.

Kama dawa iliyokatazwa ni ya lazima, kibali cha matibabu kiombwe angalau siku 30 kabla ya mashindano. Na virutubisho vya kopo visivyojulikana vimetoka wapi, acheni kabisa.

Kijiti_cha_Nne

Na majina. Cheti cha kuzaliwa cha RITA, kitambulisho cha taifa cha NIDA na pasipoti vilingane herufi kwa herufi. "Ally" huku na "Ali" kule ni watu wawili kwenye mfumo wa vitambulisho vya michezo, na marekebisho huchukua wiki, si siku. Pasipoti iwe na angalau miezi sita mbele baada ya tarehe ya kurudi, na kadi ya homa ya manjano iwepo. Anza na cheti cha kuzaliwa, maana vingine vyote vinakifuata.

Mkuki usijisumbue kuubeba kwenye ndege. Mwenyeji huweka vifaa, na wako ukifika nao lazima upimwe na kupigwa alama na waamuzi kwanza, kisha wapinzani nao huruhusiwa kuutumia. Binti azoee kurusha mikuki ya aina tofauti ya gramu 600, si mmoja tu wa klabu.