Wasifu wa baba: alipigana Kagera lakini hakuwahi kusimulia, niandike nini?

BintiMatengo

Habari zenu wanajukwaa, naombeni ushauri hasa wale wenye wazee waliokwenda vita vya Kagera. Baba yetu alifariki mwaka jana na mwezi ujao tuna misa ya kutimiza mwaka na kusimika msalaba kijijini kwetu Mbinga. Siku ya mazishi wasifu aliuandika kaka yangu usiku huohuo wa msiba, si mnajua tena hali inavyokuwa, ukawa wa kuzaliwa, shule, ndoa, ameacha mjane na watoto saba na wajukuu, basi. Vita ikapewa mstari mmoja. Safari hii nimekabidhiwa mimi na nataka mtu aliyemjua akisikia aseme ndiyo, huyo ni yeye.

Mambo ya shamba na kanisa hayanipi shida. Baba alikuwa mtu wa ngoro hasa, kile kilimo chetu Wamatengo cha mashimo mlimani, anakata nyasi anazilaza miraba miraba mlimani utadhani kapima kwa kamba, mama na sisi tunafukia udongo juu, ikija mvua kubwa maji yanatuama kwenye mashimo badala ya kubeba shamba lote kulipeleka mtoni. Na rozari kila jioni hata uwe umechoka vipi, ukisinzia hakugombezi, anakupa wewe uongoze tendo linalofuata.

Shida ni vita. Aliondoka akiwa mgambo, kijana mwenye mtoto mmoja, baada ya ile hotuba ya Mwalimu ya Novemba 1978. Karudi 1979. Tukimuuliza ilikuwaje alikuwa na jibu moja tu maisha yake yote, "Tulikimbia, halafu tukarudi", anainuka anaenda kuangalia ng'ombe.

Sasa sikilizeni hili. Kila Novemba, mwezi wa marehemu, alikuwa anaandikisha nia ya misa, na kanisani inasomwa "kwa ajili ya marehemu wa barabarani". Tangu niko mdogo naisikia. Sote tulijua ni watu wa ajali za magari, na hatukuona ajabu kwa sababu baba alikuwa anaombea watu wengi. Baada ya mazishi katibu wa kigango akanionyesha daftari la zamani kabisa, na mara ya kwanza nia iliandikwa yote: "askari waliokufa barabarani Lukaya, wetu na wa kwao".

Lukaya ni Uganda, huko huko vitani. Niliposoma hapo nilikaa chini. Swali langu, hili lisomwe mbele ya watu au niliache kwa kuwa mwenyewe hakutaka kulisema?

MtuWaKyaka

Pole sana dada. Mimi nitasema ukweli wangu na usinichukie. Jeshi la Amin lilipoingia kwetu Oktoba 1978 nilikuwa mtoto wa miaka saba. Tulikimbia usiku na mama, babu alibaki kwa ajili ya ng'ombe na hatukumwona tena, si yeye si ng'ombe. Daraja la Kyaka wakalilipua. Vijana kama baba yako walitoka mbali sana kuja kututoa kwenye lile balaa na hilo siwezi kulisahau hadi nakufa, ila hayo maneno "na wa kwao" yamenikaba. Wasifu andika alikuja kutukomboa. Hayo mengine yaache kwenye daftari.

KatekistaMstaafu

Binti, pole. Nimefundisha dini miaka 30 na kitu. Nia ya misa si siri, inasomwa mbele ya waamini wote, kwa hiyo baba yako hakuficha, alifupisha tu. Angetaka pasijulikane kabisa angemwambia padre pembeni aombee "nia ya mtoaji", na hiyo ipo, watu wanaitumia kila siku. Mimi naona isomwe. Lakini muulize mama yako kwanza, mjane ndiye mwenye neno.

MzeeWaMgambo

Naandikiwa na mjukuu wangu. Binti yangu, hayo maneno ya baba yako nimeyaelewa niliposoma tu, yamenitoa machozi. Mimi nilikuwa Lukaya. Brigedi yetu ilikuwa 201, wengi wetu mgambo, tumetoka kushika majembe miezi michache tu nyuma. Lukaya barabara ya kwenda Kampala inapita katikati ya bwawa, kushoto matope kulia matope, huna pa kwenda. Tarehe 10 Machi 1979 Walibya waliokuja kumsaidia Amin wakatupiga maroketi. Mengi yalipita juu yetu lakini ule mlio hatujawahi kuusikia, na watu wakakimbia, mimi nilikimbia, nilitupa hata viatu maana vilikuwa vinanasa. Sasa mtu arudi kijijini asimulie kwamba alikimbia? Watoto wanataka kusikia ulivyopiga.

Lakini tulikusanywa tukapangwa upya tukarudi palepale. Brigedi ya 208 ikazunguka ikatokea nyuma yao. Asubuhi barabara ile, mwanangu, hukuwa unachagua pa kukanyaga. Wetu walikuwepo, Waganda walikuwepo, na Walibya wengi, vitoto vingine havijaota hata ndevu. Mwezi mmoja baadaye, tarehe 11 Aprili, Kampala ikaanguka na watu wakacheza ngoma, lakini mimi mpaka leo nikifumba macho siioni Kampala, naiona barabara.

Huyo wa Kyaka namheshimu, alichopoteza ni kikubwa. Ila hakulala pale. Andika kwamba baba yako alirudi. Wengine hatukuwahi kufikiria hata kuwaandikishia misa.

MtuWaKyaka

Shikamoo mzee. Nimesoma mara mbili. Sina la kubishana na mtu aliyekuwepo. Dada, fanya moyo wako unavyokutuma, na siku ya misa mtajie baba yako kwamba kuna mtu wa Kyaka anamshukuru.

BintiMatengo

Shikamoo mzee, shikamoo na katekista. Nimekaa na huu uzi siku tatu ndiyo najibu. Mzee, sikujua kama alikuwa brigedi gani na bado sijui, lakini barabara na matope vimenijibu kitu kimoja, baba hakuwahi kulima bondeni. Tulipewa kipande kizuri cha bustani chini mtoni akampa mdogo wake, tukadhani ni ukarimu tu.

Nimemuuliza mama. Alikuwa anapepeta maharage, hata hakusimama. Akasema anajua siku zote, na kwamba ile mibuni sita ya ukingoni, ambayo kahawa yake baba alikuwa anaiuza peke yake na sisi tulipokuwa wadogo tukanung'unika kwa nini hela yake hainunui daftari, ndiyo ilikuwa sadaka ya hiyo misa. Akasema soma.

Kwa hiyo kipande cha vita nimekiandika hivi: "Mwaka 1978 aliitwa akiwa mgambo, akaenda Kagera na kuingia Uganda. Alitufundisha vita hiyo kwa maneno matatu, tulikimbia halafu tukarudi. Marehemu wa barabarani mliokuwa mkiwasikia hapa kila Novemba ni askari waliokufa Lukaya, wetu na wa kwao. Aliwaombea wote hadi mwaka wake wa mwisho." Halafu naendelea na ngoro na rozari.

Nimemsomea kaka kwa simu akanyamaza muda mrefu mpaka nikadhani mtandao umekatika, kisha akauliza Novemba hii nani ataandikisha. Mama akadakia pembeni, mibuni si ipo.