Kijana anavuja damu barabarani, watu wazima mnashindana kurekodi. Hivi tumekuwa watu gani?

Wakuu, salaam.

Naandika nikiwa na hasira na sina sababu ya kuificha. Kama ulikuwepo Barabara ya Kilwa Jumamosi ile jioni, umenyanyua simu juu kama mtu anayerekodi harusi, uzi huu ni wako, usome mpaka mwisho.

Bodaboda kagongwa na Fuso, Fuso halikusimama. Kijana yuko chini, paja limepasuka, jinzi imelowa damu mpaka kwenye soksi. Abiria wake, mama wa makamo, kakaa kwenye ukingo wa lami ameshika mkono ulioteguka, na bado anaomba kijana asaidiwe kwanza. Umati umejaa. Nikawa nasikia: "Msimguse, subirini trafiki." "Huyo keshakwenda huyo." "Ukimbeba, kesi yako." Jamaa mmoja yuko laivu kabisa, anawakaribisha watazamaji wake. Mwingine anajisifu kwamba yeye anayo yote, tangu Fuso linamgonga. Daladala zinapunguza mwendo, vichwa vinatoka madirishani, konda anaendelea kuita abiria wa Mbagala.

Aliyemsaidia ni mama muuza mihogo. Aliacha karai la mafuta jikoni, akavua kanga yake ya juu, akaikunja na kuikandamiza kwenye lile paja kwa mikono miwili, huku anamwambia kijana, "Mwanangu, nitazame mimi, usifumbe macho." Halafu akanyanyua kichwa, akaninyooshea kidole: "Wewe kaka wa shati la bluu, leta bajaji! Na wewe mwenye kofia, njoo ushike miguu!" Hapo ndipo watu tukapata akili.

Nimekuja kusoma baadaye kwamba alichofanya yule mama kina maelezo ya kitaalamu. Mwaka 1968 wanasaikolojia wawili wa Marekani, John Darley na Bibb Latané, walichapisha jaribio lao. Mtu anakaa chumbani peke yake, anaongea na wenzake kwa kipaza sauti, ghafla anasikia mmoja wao anapatwa na kifafa. Walioamini kwamba ni wao tu wanaosikia, asilimia 85 walitoka kutafuta msaada kabla mgonjwa hajanyamaza. Walioamini kuna wengine wanne wanasikia pia, asilimia 31 tu. Kila mmoja anamsubiri mwenzake. Ndiyo maana kwenye ajali ukipiga kelele "jamani saidieni" hakuna anayesogea, lakini ukimtaja mtu kwa shati lake, anakuja. Shikeni hilo. Na mshike kwamba mshipa mkubwa wa paja ukikatika mtu anaweza kufa ndani ya dakika chache, na kinachotakiwa ni kitambaa na mikono inayokandamiza bila kuachia. Hakuna asiye na kitambaa mwilini.

Sasa tufike hospitali, maana huko ndiko nilikochemka zaidi. Sitaitaja. Tumemshusha kijana kwenye bajaji, damu inadondoka sakafuni, dada wa mapokezi anauliza: "PF3 mnayo?" Namwambia dada yangu, huyu mtu anakufa. "Mimi nafuata utaratibu, kaka." Akarudi kwenye simu yake. Tungebaki pale kama daktari mmoja asingesikia kelele akatoka mwenyewe na kitanda cha magurudumu. Yule daktari Mungu ambariki, hakuuliza chochote zaidi ya "amegongwa saa ngapi?"

PF3 ni fomu ya polisi ya kuandikia majeraha kwa ajili ya ushahidi. Ni karatasi ya kesi, haizuii damu. Viongozi wa Serikali wamesharudia kusema majeruhi atibiwe kwanza, fomu itafuata. Wewe unayekaa pale dirishani hujasikia? Au umesikia na hujali, kwa kuwa aliyelala si mdogo wako?

Halafu baada ya hapo ndipo tabu yako inaanza wewe uliyemleta. Maelezo kituoni, njoo kesho, afande hayupo, wewe ulimjuaje, namba yako ya simu, unaishi wapi. Dereva wa bajaji alipoteza jioni nzima ya kazi na kiti kimelowa damu, na hakuna aliyemwambia hata ahsante. Wale waliorekodi walienda nyumbani kula. Hiki ndicho kinachonikera kuliko vyote: hapa kwetu anayejali ndiye anayesumbuliwa, asiyejali hapati usumbufu wowote. Kwa hiyo siwezi kusema woga wa kesi ni wa kujitungia. Umetengenezwa, na walioutengeneza wako nyuma ya meza, wanalipwa mshahara.

Na msidhani ni mambo ya barabarani tu. Nyumba za kupanga huku kwetu ukuta ni mmoja. Mwanamke anapigwa saa saba usiku, vyumba sita vinasikia, watu wanaongeza sauti ya redio. Ukienda kwa mjumbe unaambiwa hayo ni ya mume na mke. Ukienda Dawati la Jinsia polisi, kesho wewe ndiye mmbea wa nyumba, na mwenye nyumba anakwambia kodi ikiisha utafute pengine. Ni kitu kilekile. Aliyefungua mlango anaadhibiwa, aliyeongeza redio analala.

Kuna atakayekuja hapa kusema Watanzania ndivyo tulivyo. Si kweli. Novemba 6, 2022 ndege ilipoanguka Ziwa Victoria karibu na uwanja wa Bukoba ikiwa na watu 43, waliofika mwanzo ni wavuvi na mitumbwi yao. Hawakuwa na vifaa, walikuwa na makasia na kamba. Watu 19 walikufa na 24 wakapona. Wavuvi wale hawakusubiri kuambiwa. Kwa hiyo tunaweza, tukitaka.

Kijana yuko hai, yuko wodini, mguu madaktari wanaupigania. Mama yake yuko Lindi. Hakupigiwa simu na mtu yeyote. Alimuona mwanawe kwenye stetasi ya jirani, amelala kwenye lami, na maneno ya "maskini kapoteza maisha" yameandikwa juu. Alianguka pale pale. Mwanawe alikuwa anapumua, na wewe ulishamzika ili upate watazamaji.

Wahudumu wa afya mliomo humu, nijibuni bila kuzunguka: ni nani anawaagiza muulize fomu kabla ya kumtazama mgonjwa? Ni mganga mfawidhi, ni mkataba wa kazi, au ni mazoea? Kama kuna waraka, uwekeni hapa tuusome.

Na wewe uliyejisifu kwamba unayo yote tangu mwanzo. Sikutukani tena. Futa ulichorusha mtandaoni, lakini ile video yenyewe usiifute, maana kama ulilinasa Fuso likigonga huenda na namba zake unazo. Peleka trafiki, au njoo PM nikuunganishe na kaka yake majeruhi. Familia inalitafuta hilo gari mpaka sasa.