Kikundi cha ukoo: Zuhura kambini kwa mabingwa wa softiboli

Mama Zuhura (Ohio): Assalaam alaykum ukoo. Bi Mkubwa nakushika miguu. Kambi ya Zuhura ya softiboli, ule mchezo wa kurusha mpira na kuupiga kwa gongo, imekwisha jana, video hiyo hapo. Mwenye ushungi wa buluu ndo yeye.
[Video]

Ami Saidi: Waalaykum salaam. Mashaallah, kakua huyu! Na huyo anayemshika mkono ni mwalimu wao wa skuli?

Mama Zuhura: Si mwalimu wa skuli Ami. Ni mrushaji khasa, yule anayemrushia mpigaji mpira, kachezea timu ya taifa ya Marekani. Makocha wote pale ni wanawake wanaocheza daraja la juu. Anayerusha anafundisha kurusha, anayedaka anafundisha kudaka, mpigaji naye ana kundi lake.

Haji (Wete): Kwani mbona kapiga goti? Kaumia?

Shangazi Rukia: Hajaumia Haji. Hapo ndipo pa kutazama, hata mie nimerudiarudia. Kocha hamwanzishi mtoto kwa kuzungusha mkono. Anampigisha goti moja, mpira unakaa karibu na paja, anarusha kwa kiganja na vidole tu. Mpira ukishatoka unazunguka vizuri ndo anasimamishwa, tena ndo mkono unapiga duara zima. Ukianza na duara mtoto anatumia bega peke yake, na bega la miaka 12 halina nguvu hizo.

Haji (Wete): Mie nilidhani hurushwa kwa juu kama besiboli.

Shangazi Rukia: Kwa chini. Mkono unapanda mbele, unapita juu ya kichwa, unashuka nyuma, mpira unaachiwa usawa wa nyonga. Wakubwa wanasimama mita 13 tu na mpigaji, na walio hodari wanafikisha kilomita 110 kwa saa. Hata nusu sekunde haifiki, mpira ushampita!

Ami Saidi: Ndo la kuuliza hilo. Mpira wenyewe mgumu?

Mama Zuhura: Mgumu Ami, na mkubwa kuliko wa besiboli, mzunguko sentimita 30 na kidogo. Lakini mpigaji anavaa kofia ngumu yenye vyuma mbele ya uso, na mdakaji kajikinga toka uso mpaka miguu. Zuhura kavaa kofia juu ya ushungi wa michezo. Kocha mwenyewe alipiga magoti akamlegezea mkanda mpaka ikakaa. Mie nilikuwa pembeni nimeshika pumzi, lakini hakuna aliyemuuliza neno.

Bi Mkubwa (anaandika Mwanajuma): Bibi anasema alhamdulillahi, Mungu ambariki kocha huyo. Anasema wao walicheza nage mpaka magharibi inaadhiniwa, na yeye alikuwa na shabaha mpaka wenzake wakimkimbia. Zuhura kairithi kwake.

Shangazi Rukia: Kweli mama ❤️ Hata leo kwenye nage hapa Unguja utawaona wanawake wenye mikono ya ajabu. Shabaha tunayo. Hatuna wa kuwakalisha mabinti akawafundisha.

Ami Saidi: Sasa Rukia, lazima kocha awe mwanamke? Mwanamume anayeujua mpira hawezi kufundisha?

Shangazi Rukia: Anaweza kaka, silikatai. Lakini mie niko skulini, nawaona. Darasa la tano watoto wa kike wanakimbia uwanja mzima. Wakiingia fomu wani wanakaa chini ya mwembe na mikoba yao. Mwili umebadilika, wanaona haya, na aliye mbele yao na filimbi ni mwanamume, hawawezi kumwambia leo tumbo linauma. Mrushaji mwanamke amepita yote hayo. Anajua nyonga zikipanuka hatua inabadilika, anajua namna ya kuirekebisha, na anaweza kumshika kiuno binti akamgeuza bila mtu kunong'ona. Halafu mtoto anamwona kwa macho yake mtu mzima wa kike ambaye hakuacha. Hilo mie siwezi kulieleza ubaoni.

Na msidhani mpira wao ni wa chini. Mwaka 2004 Jennie Finch, mrushaji wa softiboli wa Marekani, aliwarushia nyota wa besiboli wa Marekani katika mechi ya maonyesho. Albert Pujols akashindwa kuupiga, akatoka, Mike Piazza naye hivyo hivyo. Wanaume wanaolipwa mamilioni kupiga mpira! Macho yao yamezoea mpira unaotoka juu, huu unatoka chini.

Haji (Wete): Pujols! 😮

Shangazi Rukia: Na Yukiko Ueno wa Japani ndo wangu mimi. Beijing 2008 alirusha mechi tatu ndani ya siku mbili, mipira 413, akawafunga Marekani fainali. Kisha softiboli ikatolewa Olimpiki, 2012 haipo, 2016 haipo. Iliporudi Tokyo, fainali ya 2021, nani anarusha? Ueno, ana miaka 39, na dhahabu akaichukua tena. Miaka 13 anaungoja mchezo wake urudi.

Ami Saidi: Haya, na masomo?

Mama Zuhura: Ami, aliyepiga mpira ukavuka uzio katika fainali ya kwanza ya Olimpiki, Atlanta 1996, ni Dot Richardson, na wakati huo alikuwa katika mafunzo ya upasuaji wa mifupa. Zuhura kashaniambia atafanya vyote viwili. Olimpiki ya 2028 softiboli inarudi tena, mechi zitachezwa Oklahoma City. Inshallah nitampeleka akatazame.

Mwanajuma: Shangazi, hii sasa ni mie si bibi. Na sisi hapa tunaweza kujifunza?

Shangazi Rukia: Mwanajuma mwanangu, nilikuwa naomba mmoja wenu aulize! Tunaweza. Goti chini, kiganja, vidole, kama kwenye video. Tunaanza na mipira ya tenisi, haitomuumiza mtu, na glavu hazihitajiki kwanza.

Mama Zuhura: Glavu nitazikusanya huku, watoto wanakua wanaziacha. Na Zuhura atawarekodia kila zoezi, polepole, ubavuni na mbele.

Ami Saidi: Gongo linakuwa na urefu gani?

Shangazi Rukia: La wakubwa mwisho sentimita 86. La hawa lisizidi 75, jembamba mkononi.

Ami Saidi: Nina mti wa mvinje umekauka vizuri. Nitampa seremala achonge mawili, apige msasa lisimchome mtu.

Haji (Wete): Na Pemba msitusahau. Mabinti wa huku mikono wanayo.

Shangazi Rukia: Nitumie orodha Haji, na utafute mwalimu wa kike hapo Wete atakayekubali. Nitamwelekeza kwa video mpaka nipande boti nije mwenyewe.

Bi Mkubwa (anaandika Mwanajuma): Bibi anauliza lini.

Shangazi Rukia: Jumamosi baada ya alasiri mama, uwanja wa nyuma ya skuli. Besi, yaani vituo vya kukimbilia, ni mita 18 toka moja hadi nyingine, mrushaji mita 12 kwa umri wao. Kaka lete kamba ya kupimia na magunia manne ya mchanga. Mwanajuma waambie wenzako wavae raba na suruali.

Mwanajuma: Tupo kumi tayari.