Naomba ushauri: nimekuja likizo Tanga, ukoo mzima umenigeuza fundi simu

Wakuu heri ya sikukuu. Mimi ni programa, nipo home Ngamiani, sasa tangu nishuke kwenye basi kila ndugu ananiletea simu iliyopasuka kioo, jana shangazi kaja na redio kabisa eti "si umesomea kompyuta wewe" 😂 nikimwambia sijui kushika hata sodaringi anasema naringa.

Nataka nitorokee Pangani, ni kama kilomita 50 tu, ila bosi wa Dar anataka niwe standibai na laptop mfumo usije ukalala mwaka mpya. Wenyeji, mtandao kule unashika vizuri au niende zangu Mapango ya Amboni nisipatikane kabisa? Na shangazi nimkwepeje bila kununiwa?