Kaligonga gari langu likiwa limepaki, sasa anataka nisaini kwamba sitamdai tena

Mgeni_wa_gereji:
Wakuu habari zenu, naomba ushauri wa haraka maana huyu mtu anataka jibu leo.

Ijumaa iliyopita nilipaki gari vizuri tu ndani ya mistari nikaenda zangu, narudi baada ya kama masaa mawili nakuta mlango wa nyuma kushoto umebonyea, na kubonyea kwenyewe kumeenda mpaka kwenye bodi pale juu ya tairi, rangi imekwaruzika na imebaki na rangi nyeupe ya gari lake. Mlinzi ndo alimzuia asiondoke, anasema jamaa alikuwa anatoka kwa rivasi akakata kona mapema. Mwenyewe wala hakuwa mkorofi, aliomba radhi, akanipa namba ya simu, akaniomba tusiende polisi wala kwenye bima, atalipa kila kitu. Nikamwamini. Picha nilizopiga ni tatu tu, mbili za mlango na moja ya namba za gari lake.

Sasa jana kanipigia anasema fundi wake kaziangalia zile picha kwenye simu kataja bei, na hela hiyo iko tayari mkononi, ila nisaini karatasi kwamba nimelipwa yote na sitadai kitu kingine. Gari langu halijaguswa na fundi yeyote! Mlango unafunguka ila ili ufunge lazima niubamize, na nikikimbia naskia upepo unaingia. Mke wangu anasema chukua hela yaishe, mimi roho inasita. Bima yangu ni ile ndogo, ya kulipa wengine tu. Nisaini?

Bodi_na_rangi:
Usisaini mkuu. Nakuambia kama fundi wa bodi, hii kazi nimefanya miaka mingi na hakuna fundi anayeweza kukupa bei ya kweli ya mlango kwa kuangalia picha, hata mimi siwezi. Picha inaonyesha bati la nje tu.

Kwa maelezo yako mimi ninachoogopa sio ule mlango, mlango ni kitu cha kufungua boliti, ukishindikana kunyooka unatafutwa mwingine unafungwa. Kinachoniogopesha ni hapo uliposema imeenda mpaka kwenye bodi juu ya tairi. Madigadi ya mbele kwenye magari mengi imefungwa kwa boliti unaitoa unaweka nyingine, lakini hiyo bodi ya nyuma imechomelewa, ni sehemu ya mwili wa gari, haitoki. Hapo ni kuvuta mpaka irudi, na ikiwa imekunjamana sana ni kukata na kuchomelea upya, ndo maana kazi ya nyuma inakuwa kubwa kuliko inavyoonekana kwa macho. Na mlango unaobamizwa na kuingiza upepo maana yake moja kati ya haya: bawaba zimepinda, au kitasa kimesogea pale kinaposhikia, au fremu ya mlango yenyewe haiko sawa na raba haikai. Simama ubavuni mwa gari angalia ule mwanya kati ya mlango na bodi, ulinganishe na upande wa kulia. Kama kushoto mwanya umebana juu na umeachia chini, basi kitu kimehama.

Sasa fanya hivi, nenda gereji mbili tofauti, waombe wafungue kava la ndani la mlango waangalie reli ya kioo na chuma cha ulinzi kilichopita katikati ya mlango, halafu wakuandikie makadirio, spea peke yake, ufundi peke yake, rangi peke yake. Shusha na kupandisha kioo mbele yao. Na kama tairi nayo iligongwa waambie wapime alaimenti, yaani kama matairi yamekaa sawa kwenye mstari wake, usikubali kuambiwa eti tairi haijapinda kwa kuangalia tu.

Mama_wawili:
Rudi pale ulipopaki leo leo uulizie kamera, usisubiri. Nyingi zinajifuta zenyewe baada ya siku chache na kurekodi juu yake. Na yule mlinzi mwombe jina lake na namba, akubali kuandika alichokiona hata mistari mitatu, leo anakumbuka, mwezi ujao atakuwa amehamishwa kazi.

Nuru_madai:
Kaka pole sana. Nimefanya kazi upande wa madai ya bima kwa muda, hii ya karatasi naijua vizuri. Karatasi ya namna hiyo ukishaisaini, hata kesho fundi akifungua mlango akakuta balaa, yule mtu atakuonyesha sahihi yako na kwa kawaida hapo umekwisha. Watu wengi nimewaona wanalia kwa sababu ya mstari mmoja tu wa "malipo kamili na ya mwisho".

Halafu kuna kitu naona hujakielewa kwenye bima. Umesema yako ni ndogo, ni kweli hiyo haitengenezi gari lako, lakini hapa bima inayohusika ni YA KWAKE. Bima ya kulipa wengine ipo kwa ajili ya mtu kama wewe, aliyegongewa kitu chake. Gari lililosimama limepaki mahali halali, mara nyingi kosa halina mjadala, ni la aliyekuwa anatembea. Kwahiyo muulize jina la kampuni yake ya bima na namba ya mkataba wake, sio ugomvi, ni haki yako kuuliza. Akikataa kukupa hiyo nayo inakuambia kitu. Ungekuwa na bima kubwa ungeweza pia kwenda kwa kampuni yako, ikutengenezee halafu yenyewe imfuate aliyekugonga, wewe ukitoa kile kiasi cha mwanzo ambacho mwenye gari hubeba mwenyewe.

Na hata kama mnaelewana wenyewe, toa taarifa kwa bima yako kwamba gari limegongwa. Kutoa taarifa sio kudai. Mikataba mingi inasema utoe taarifa mapema na ukikaa kimya wanaweza kukuletea shida mbele, maana huyo mtu naye anaweza kwenda kwao na hadithi nyingine kabisa, kwamba wewe ndo ulikuwa unatoka.

Polisi pia nenda kaandikishe. Nchi nyingi dereva akigonga gari la mtu lazima ajitambulishe au aripoti, mfano Uingereza sheria yao ya barabarani ya 1988 inampa asiyeweza kutoa taarifa zake pale pale muda usiozidi masaa 24 kuripoti polisi. Angalia ya kwako inasemaje na fanya haraka. Na usitengeneze kitu kabla mkaguzi wa bima hajaliona gari, na mlango wa zamani ukitolewa usiutupe.

Niliwahi_kugonga:
Mimi nilikuwa upande wa yule jamaa mwaka juzi, niligonga gari la watu limepaki nikaacha karatasi kwenye kioo. Nakwambia ukweli hofu kubwa inakuwa kwamba utalipa leo halafu kila wiki mwenye gari anakuja na kipya, taa, bampa, sijui nini. Kwahiyo huenda jamaa yako sio tapeli, anaogopa tu. Mimi na mwenye gari tulienda gereji pamoja, fundi akatuonyesha wote wawili nini kimetokana na mimi na nini kilikuwepo, tukaandika orodha, nikamlipa fundi moja kwa moja, na karatasi ya kumaliza tukaisaini siku gari linatoka. Mwambie hivyo kwa upole, mtu mwenye nia njema anakubali.

Mgeni_wa_gereji:
Wakuu nashukuru sana, hasa fundi na dada Nuru, nimerudi na majibu. Sikusaini. Nimeenda gereji mbili, ya pili walifungua kava la mlango mbele yangu, reli ya kioo imepinda na kioo kinashuka kwa kukwama, mimi sikuwahi hata kukijaribu. Bodi ya nyuma wanasema inavutika bila kukatwa. Makadirio ya gereji zote mbili yamezidi mara mbili ile hela aliyoitaja fundi wake!! Yani ningesaini ningeumia.

Kamera ipo, nimeonyeshwa, gari lake linaonekana kabisa likirudi nyuma, wameniwekea kopi. Polisi nimeandikisha. Nilimtumia jamaa makadirio yote mawili na ujumbe wa kawaida tu, nikamwomba aje gereji aone kwa macho yake kama alivyosema Niliwahi_kugonga. Kwanza alinyamaza siku nzima, leo kajibu anakuja kesho asubuhi, na kanitumia taarifa za bima yake ili ikimshinda mfukoni twende huko. Fundi wa hapo anasema atapaka rangi mlango na hiyo bodi tu, gari ni la fedha. Iko sawa?

Bodi_na_rangi:
Fedha ndo rangi inayosumbua kuliko zote mkuu, ina chembe za kumetameta na zikilala tofauti kidogo tu kiraka kinaonekana kutoka mbali. Muulize kama atachanganya kwa kufuata namba maalumu (code) ya rangi ya gari lako, mara nyingi iko kwenye kibandiko kwenye fremu ya mlango wa dereva au chini ya boneti, na kama atafifisha rangi kuingia kwenye mlango wa mbele ili isikatike ghafla. Hiyo kazi ya kufifisha iandikwe kwenye makadirio kabla jamaa hajaja kesho, isije kuwa ndo kile "kipya" anachokiogopa. Pale rangi ya gari lake ilipobaki pitisha ukucha, kama unateleza huenda ni rangi yake tu imekaa juu na polishi itaitoa, kama ukucha unakwama basi mkwaruzo umeingia ndani na palipoonekana bati pafunikwe mapema kabla ya kutu.

Siku ya kuchukua gari nenda mchana, lisimame juani, uliangalie kwa ubavu sio kwa mbele. Chukua sumaku ndogo upitishe pole pole pale palipokuwa pamebonyea, isiposhika kabisa ujue wamejaza pati nene, ule udongo wa kuzibia mabonyeo, badala ya kunyoosha bati, na pati nene huja kupasuka. Mwagia maji kwenye kioo na ukingo wa mlango, ukae ndani uangalie kama yanaingia. Kisha ufunge mlango kwa kidole kimoja. Ukifunga wenyewe bila kubamiza, hapo ndo usaini.