Nibaki Sinza kwa kodi mpya au nihamie Chanika? Ushauri wenu wakuu

Kibogoyo wa Stoo: Habari za jioni wakuu. Nimepanga Sinza, chumba masta na sebule, jiko tunapikia koridoni. Mwaka wa nne sasa. Jumapili mwenye nyumba katuita wapangaji wote uani, kasema kuanzia mwezi ujao kodi inatoka 200,000 inakwenda 280,000, na anataka ya miezi sita kwa mkupuo. 1,680,000 hiyo. Nina mke na mtoto mmoja, yupo darasa la pili. Nawaza kuhamia Chanika, kule hewa ipo na mtu unafuga hata kuku. Nibaki au niondoke? Kejeli siyo lazima.

Mama Maandazi: Masta na sebule Sinza kwa 280,000 unalia? Mimi Kijitonyama nilipanga choo cha nje, LUKU moja watu saba, mwenye friji mmoja, hesabu tunagawana sawa kwa sawa. Yule dada wa friji mpaka leo hatusalimiani.

Konda Mstaafu: Chanika naijua, vumbi la ile njia nimelila miaka sita. Unafanya kazi wapi? Kama ni mjini, saa kumi alfajiri uwe stendi, usiku ukirudi mtoto kalala. Kiti utakisikia kwa jina tu, watu wanaingilia dirishani. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 5,383,728 Dar hii, na asubuhi wote wanataka kwenda Kariakoo.

Kibogoyo wa Stoo: Kazi ipo, stoo moja Barabara ya Nyerere. Usafiri nimeshaupigia hesabu. Nimeuliza kodi.

Mzee wa Kiluvya: Jenga, kijana. Mimi nilijenga Kimara, 2017 ikaja alama ya X nyekundu ukutani, barabara ya Morogoro inapanuliwa. Niliokoa mabati na milango miwili. Mlango mmoja ndio ninaoufunga kila usiku hapa ninapokaa sasa, una ile rangi ya kijani ya zamani. Bado nasema jenga.

Sheria Ndogondogo: Mleta uzi, umesema kazi ipo. Hujasema ipo mpaka lini. Mtu mwenye mshahara hakimbilii Chanika kwa sababu ya nyongeza ya 80,000.

Kibogoyo wa Stoo: Haya. Mkataba unaisha tarehe 30. Tulikuwa tunasaini miezi mitatu mitatu, safari hii bosi wa utumishi kanyamaza. Ukimuuliza anakodolea kompyuta. Wenzangu wawili wameshapewa barua. Ila mimi sijafukuzwa, tuelewane.

Sheria Ndogondogo: NSSF walikuwa wanakupelekea? Kama michango imefika miezi 18 na kazi imeisha bila wewe kuacha kwa hiari, lipo fao la upotevu wa ajira: 33.3% ya mshahara, miezi sita. Kesho kaangalie taarifa ya michango yako. Na usisaini barua yoyote ya kujiuzulu, hata wakikwambia ni utaratibu tu.

Kibogoyo wa Stoo: Ahsante mkuu. Nitaangalia. Ila Chanika siendi kupanga. Ni kwangu.

Konda Mstaafu: KWANGU? Si ulisema "nawaza"?

Kibogoyo wa Stoo: Nimelipia kiwanja wiki iliyopita, 20 kwa 20. Bei 2,500,000, nimetoa 1,800,000. Hapo 1,200,000 ni ile kodi tuliyokuwa tumeiweka kwenye bahasha, 600,000 ni ya kikoba cha mama watoto. Bado sijamwambia. Msinirukie, hiyo hela mwenye nyumba angeila tu. Karatasi ninayo, mwenyekiti wa mtaa kapiga muhuri na kachukua asilimia kumi yake. Msingi umeshachimbwa na kumwagwa zege, pembeni kuna rundo la mchanga. Napiga chumba kimoja cha mabati, maisha yanaanza.

Mama Maandazi: Hela ya KIKOBA! Baba, sisi mwenzetu asiporejesha tunabeba mpaka sufuria la ubwabwa, na tunaliinua likiwa jikoni. Mkeo ndiye atakayesimama mbele ya wale wanawake, siyo wewe.

Jicho la Tatu: Wakuu mnakunywa chai. Mwezi wa tatu huyu huyu alileta uzi wa kuomba ushauri wa mahari. Leo ana mtoto darasa la pili? Halafu someni vizuri: "hewa ipo", "20 kwa 20", "msingi umeshachimbwa". Dalali huyo. Subirini namba ya simu.

Konda Mstaafu: Daah. Nami nilishaanza kumhurumia.

Kibogoyo wa Stoo: Mahari ilikuwa ya mdogo wangu, niliandika kwa niaba yake. Sina namba ya kuweka hapa.

Mzee wa Kiluvya: Dalali au siyo dalali, mimi nauliza kitu kimoja. Msingi uliukuta. Aliuchimba nani?

Kibogoyo wa Stoo: Muuzaji anasema shemeji yake. Kazi ilimhamisha Dodoma.

Konda Mstaafu: Tangu serikali itangaze kuhamia Dodoma 2016, mji huu kila mtu asiyepatikana yuko Dodoma.

Sheria Ndogondogo: Ile 700,000 iliyobaki usiitoe. Rudi kule Jumamosi bila dalali, ulizia majirani wa pande zote nne huo msingi ni wa nani. Wakitaja jina lisilokuwepo kwenye karatasi yako, nenda na hiyo karatasi kwa huyo mwenyekiti, awe na shahidi wa pili mezani. Na leo hii mwambie mkeo.

Kibogoyo wa Stoo: Nilipanga nimwambie mwisho wa mwezi. Sasa hivi karudi, anapekua begi la nguo, anaulizia bahasha. Nawasoma nikiwa chooni.

Mgeni Njoo: Mkuu, kabla hujatoka huko, hiyo 20 kwa 20 ni mbali na lami? Njoo inboksi.