Ramani ya mitaro na taa za Nairobi ililipiwa kwa pesa zetu. Mbona inadanganya, na mbona imefungiwa ofisini?

Wanairobi wenzangu, nimenyamaza vya kutosha, leo nasema.

Huku Pipeline, Embakasi, karibu na steji ya boda boda, kuna shimo la maji taka lisilo na mfuniko. Mfuniko uliibwa zamani na kila mtu anajua uliishia kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Vijana wa boda wamesimamisha humo tairi kuukuu na tawi la mti ili anayepita usiku aone hatari. Mvua ikinyesha, maji yanajaa barabara nzima, tawi linasombwa, na hakuna anayejua tena shimo liko wapi. Mama anayetuuzia sukuma wiki alitumbukiza mguu mle akavunjika. Ana watoto, bima hana, na kibanda chake kimefungwa mpaka sasa.

Nilienda kuripoti kwenye ofisi inayohusika, ambayo sitaitaja hapa. Karani alifungua ramani kwenye kompyuta, akaisogeza hadi mtaani kwetu, na shimo letu likatokea kama nukta ya kijani. Akaibofya. Mfuniko: upo. Hali: nzuri. Picha: imeambatanishwa. Akaniambia, "Kaka, kwa mfumo inaonyesha iko sawa." Nikamwomba ageuze kioo niione hiyo picha. Ilikuwa ya mfuniko wa simiti, kando ya ukingo uliopakwa rangi nyeusi na nyeupe. Mfuniko wetu ulikuwa wa chuma, na barabara yetu haijawahi kuwa na ukingo wa aina yoyote! Hata hivyo ripoti yangu ilikataliwa, kwa sababu mfumo haukubali mfuniko uliopotea mahali ambapo nukta inasema upo. Lazima kwanza "watu wa data" warekebishe. Watu wa data walikuja na mwanakandarasi, kandarasi ikaisha, wakaondoka.

Damu ilinichemka, maana kazi hiyo naijua. Niliwahi kufanya kibarua cha kukusanya data za aina hii. Tulikuwa vijana wengi, tumevaa reflekta, simu mkononi, tunatembea mtaa kwa mtaa. Kila mlingoti wa taa, kila shimo, kila kivuko cha mtaro unasimama, unapiga picha, unajaza fomu: ni kitu gani, kimetengenezwa kwa nini, kiko katika hali gani, na mahali pake kwa GPS. Tulichomwa na jua, tulifukuzwa na mbwa, na tuliifanya kwa moyo kwa sababu tuliambiwa ramani hii itaokoa maisha. Sasa nikiona kazi ya vijana imegeuzwa kisingizio cha kumfukuza mwananchi kaunta, nashindwa kulala.

Sikilizeni jinsi uongo unavyoingia kwenye mfumo. GPS ya simu ya kawaida, ukiwa mahali pa wazi, hukosea kwa takriban mita 5. Ukisimama kati ya maghorofa ya Pipeline yaliyobanana hadi jua halifiki chini, mawimbi ya setilaiti yanagonga kuta kwanza ndipo yakufikie, na kosa linakua. Mita chache huku ni mtaro wa ng'ambo ya barabara, au sebule ya mtu. Ndiyo maana nukta peke yake haitoshi. Kitu chenyewe lazima kiwe na namba iliyobandikwa, namba moja isiyofutika, na namba hiyo hiyo iwe kwenye ramani.

Hebu toka nje uangalie mlingoti wa taa ulio karibu nawe. Wa kwetu una namba tatu. Moja ya rangi nyekundu, moja nyeupe, moja ya manjano, kila moja imeandikwa na kundi lililokuja na mradi wake. Taa ilipozimika niliwapigia watu wa ofisi ya taa nikawasomea zote tatu kwa simu. Hakuna hata moja waliyoitambua. Wamepita mara tatu, wakalipwa mara tatu, na taa haijulikani!

Ubaya mkubwa uko hapa: ramani imetengwa na kazi. Fundi akitumwa kufunga mfuniko au kubadilisha balbu, anapewa karatasi yenye jina la mtaa, basi. Akimaliza, karatasi inaingia kwenye faili na ramani inabaki vile ilivyokuwa siku ile ya kwanza. Kila kadi ya kazi ingepaswa kubeba namba ya mali, yaani ile iliyobandikwa kwenye mlingoti au shimo, na fundi asihesabiwe amemaliza mpaka apige picha mpya, aandike tarehe, na rekodi ibadilike papo hapo. Stoo nayo isitoe balbu bila namba ya mlingoti inakokwenda. Ukifanya hivyo kwa muda mfupi tu utaona mlingoti mmoja unakula balbu kila mwezi, na utajua ugonjwa uko kwenye waya. Leo hii anayejua mambo hayo ni mzee nyapara mmoja, kichwani mwake, na namheshimu sana. Akistaafu, elimu yote anaondoka nayo.

Kwa mitaro ndiyo balaa kabisa. Shimo si kitu cha pekee, limeungana na jingine kwa bomba. Bila kujua kina chake, upana wa bomba na maji yanaelekea wapi, ramani haiwezi kukuambia kwamba taka zilizoziba hapa ndizo zinazofurisha choo cha nyumba ya mtaa wa chini. Mafuriko ya Aprili 2024 tuliyaona sote, Mathare watu wakipoteza kila walichokuwa nacho. Na hawa wanaochimba kupitisha kebo za intaneti je? Kila wakipita wanakata bomba la maji, kwa sababu hakuna aliyewaonyesha limepita wapi, halafu sisi ndio tunanunua maji kwa mtungi wiki nzima.

Mtu asije hapa kuniambia utaalamu hatuna. Vijana wa Kibra waliichora Kibera yao kwenye OpenStreetMap, ramani huria ya mtandaoni, mwaka 2009, wakati ramani nyingi zilionyesha pale ni patupu. Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Nairobi walipanda matatu na simu zao wakarekodi njia na steji, wakishirikiana na watafiti wa Marekani, na data za njia zaidi ya 130 zikawekwa wazi kwa kila mtu mwaka 2014. Kasarani pale kuna kituo cha kikanda cha ramani, RCMRD, kilichoanzishwa 1975. QGIS, programu ya kuchora na kuchambua ramani, ni ya bure. Utaalamu upo, na upo hapa hapa mjini.

Nimeshaambiwa pia kwamba data zikiwekwa wazi wezi watajua mifuniko iko wapi. Wezi wanaijua! Wanapita juu yake kila siku. Januari 2022 serikali ilisimamisha biashara ya vyuma chakavu kwa sababu ya uharibifu wa miundombinu, na walioharibu hawakuhitaji ramani ya mtu. Anayefichwa ni mimi na wewe tunaolipa.

Sasa nachukua hatua. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inampa kila raia haki ya kuomba habari zilizo mikononi mwa ofisi ya umma, na barua yaweza kuandikwa kwa Kiswahili. Wanatakiwa kutoa uamuzi ndani ya siku 21, na jambo likihusu uhai wa mtu ni saa 48. Wakikataa au wakikaa kimya, malalamiko yanaenda kwa Tume ya Haki ya Utawala. Naomba data zote za mitaro, mashimo na taa za Pipeline, tarehe ya mwisho kila kitu kilipokaguliwa, na mkataba unaoonyesha data ni mali ya nani baada ya mwanakandarasi kuondoka. Hilo la mwisho nalitaka kuliko yote.

Walioko Pipeline, Tassia, Fedha na Kware: pigeni picha za mashimo yasiyo na mfuniko na milingoti yenye namba zaidi ya moja, mweke hapa chini mkitaja barabara na duka au kanisa lililo karibu. Nyuso za watu zisionekane. Nitaziambatanisha zote. Barua naipeleka Jumatatu kwa mkono, na siondoki hapo mpaka nakala yangu igongwe muhuri wa kupokelewa.